Neva Hupigiwa Hodi: Yanayofanyika Mtoto Anaporekebishwa Bega

Mzazi anayesoma fomu ya ridhaa kabla ya mtoto wake kupasuliwa bega hukutana na mstari unaomtatiza: "ufuatiliaji wa neva wakati wa upasuaji". Akimuuliza mhudumu, huambiwa ni mashine ya kulinda neva. Akiwauliza jamaa, huambiwa mtoto atapigwa shoti kichwani. Majibu yote mawili yamepinda. Mashine hailindi kitu, na umeme unaotumika si wa kumdhuru mtoto. Kazi yake ni kuziuliza neva swali lile lile tena na tena, ili jibu likibadilika lijulikane wakati daktari bado ana nafasi ya kurudi nyuma.

Neva ni mshipa wa fahamu, kamba laini yenye nyuzi nyingi zinazosafirisha ujumbe kwa njia ya umeme mdogo sana. Nyuzi nyingine hushusha amri kutoka kwenye ubongo hadi kwenye misuli, nyingine hupandisha habari za mguso, maumivu na joto. Neva si mshipa wa damu na si kano. Ikikatwa haivuji damu nyingi, na ikivutwa kupita kiasi inaweza kuonekana nzima kabisa kwa macho ilhali haipitishi ujumbe wowote. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Daktari aliyefungua bega anaiona neva, lakini hawezi kuiona ikifanya kazi, na mgonjwa amelala, hawezi kusema vidole vyake vimekufa ganzi.

Bega lililobaki juu

Ufuatiliaji huu hutumika katika upasuaji wa aina nyingi. Kwa bega la mtoto, mfano ulio wazi zaidi ni ulemavu wa Sprengel. Daktari wa Ujerumani, Otto Sprengel, aliueleza mwaka 1891, ingawa daktari mwenzake, Eulenburg, alikuwa ameuandika tangu 1863. Kombe la bega, yaani ule mfupa bapa ulioko mgongoni nyuma ya bega, huanza kuumbika kwenye usawa wa shingo karibu wiki ya 5 ya mimba. Kisha huteremka, na kufikia wiki ya 12 huwa limefika nyuma ya mbavu za juu. Kwa watoto wachache safari hiyo hukatika njiani. Kombe hubaki juu, dogo kuliko lenzake, na limezunguka kiasi kwamba tundu lake linalopokea mfupa wa mkono hutazama chini. Kati ya theluthi na nusu ya watoto hawa huwa pia na kipande cha mfupa, gegedu au utepe mgumu kinacholifunga kombe kwenye pingili za shingo. Mtoto anayeambiwa ainue mkono kwa upande hufika karibu na usawa wa bega, na hapo hukwama.

Hili si jeraha. Halitokani na mtoto kuvutwa mkono, kubebwa vibaya au kuchomwa sindano ya chanjo. Watu hulichanganya na jeraha la neva la wakati wa kuzaliwa, ambapo fungu la neva za mkono huvutika mtoto anapotoka na mkono ukalegea. Huko ugonjwa wenyewe ni wa neva. Kwa Sprengel, neva kwa kawaida ni nzima, na ndiyo sababu daktari huogopa kuziharibu: mtoto anayeingia chumba cha upasuaji akikunja na kukunjua vidole vyote hapaswi kutoka akiwa hawezi.

Uzito wa ulemavu hupimwa kwa ngazi nne alizozipanga daktari Cavendish mwaka 1972. Ngazi ya kwanza haionekani mtoto akiwa amevaa nguo. Ya pili huonekana kama uvimbe mdogo kwenye maungio ya shingo na bega. Kwenye ya tatu bega limepanda sentimita 2 hadi 5. Kwenye ya nne kombe limekaribia kisogo. Ngazi za chini mara nyingi hazihitaji kisu kabisa. Za juu hupasuliwa, kwa kawaida kati ya miaka 3 na 8, kwa njia ambazo nyingi ni marekebisho ya zile za madaktari Green (1957) na Woodward (1961). Njia ya Woodward huachanisha misuli kwenye mstari wa katikati ya mgongo, huondoa kipande kinacholifunga kombe, hulishusha kombe, kisha huishona misuli ile ile chini zaidi ya pale ilipokuwa.

Hatari iko wapi hasa

Wengi hudhani hatari ni kisu kukata neva. Hilo linawezekana, lakini hatari kubwa zaidi ni kuvuta na kubana.

Neva tano hutoka shingoni, wataalamu wakiziita mizizi ya C5, C6, C7, C8 na T1. Hujiunga na kugawanyika upya, kisha hupita kwenye upenyo mwembamba ulioko kati ya mtulinga, ule mfupa mlalo chini ya shingo, na ubavu wa kwanza. Baada ya hapo huingia kwapani na kusambaa mkono mzima. Hili ndilo fungu la neva za mkono. Mshipa mkubwa wa damu wa mkono hupita papo hapo kando yake.

Kombe la bega limeunganishwa na mtulinga kwa mbele. Ukilishusha kombe kwa nyuma, mtulinga nao hushuka na kurudi nyuma, na ule upenyo hufunga kama mkasi. Zaidi ya hapo, neva zilizozoea urefu fulani tangu tumboni hulazimishwa kufika mbali zaidi kwa dakika moja. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba neva ikivutwa takriban asilimia 8 ya urefu wake, mtiririko wa damu ndani yake huanza kupungua. Ikifika karibu asilimia 15, husimama. Neva isiyopata damu hunyamaza kwanza, hufa baadaye. Ufuatiliaji wote umejengwa juu ya muda ulioko kati ya kunyamaza na kufa.

Ndiyo maana umri una uzito. Kadiri mtoto anavyokua, tishu zake hukakamaa na upungufu wa urefu huongezeka, hivyo kushusha bega la mtoto wa miaka 10 ni kazi ya hatari kuliko la mtoto wa miaka 4. Ndiyo maana pia madaktari wengi huukata mtulinga kwanza, au huuvunja vipande vidogo ndani ya ala yake, kwa mtoto mkubwa kidogo au mwenye ulemavu mkali. Mzazi akisikia hilo hushtuka: mbona mnamvunja mfupa mzima? Anavunjiwa ili upenyo usifunge. Mtulinga wa mtoto huunga wenyewe kwa urahisi, neva iliyopondwa haina uhakika huo.

Kosa moja la hesabu linafaa kutajwa hapa kwa sababu huzaa majeraha mengi yasiyo ya lazima. Kombe lenye ulemavu ni fupi. Daktari akijaribu kulinganisha ncha yake ya chini na ncha ya kombe zima la upande wa pili, atakuwa amelishusha kupita mahali pake. Kinacholinganishwa ni ule ukingo wa mfupa unaopita mlalo juu ya kombe. Bega lililoshuka vya kutosha huku neva zikifanya kazi ni bora kuliko bega lililonyooka sawasawa kwenye picha na mkono uliopooza.

Kupiga hodi

Ufuatiliaji wa neva ni kupiga hodi upande mmoja wa njia na kusikiliza kama kuna anayeitikia upande wa pili. Hodi hupigwa kwa namna tatu, na kila moja husikia kitu ambacho nyingine haisikii.

Ya kwanza hupigwa mkononi na kusikilizwa kichwani. Kwenye fomu huandikwa SSEP. Umeme mdogo hupitishwa kwenye neva iliyoko kifundoni mwa mkono, kidole gumba kinacheza kidogo, na ujumbe hupanda kupitia kwapa, shingo, hadi kwenye ubongo. Elektrodi, yaani vipande vidogo vya kupitisha au kunasa umeme, zilizowekwa kwenye ngozi ya kichwa hunasa wimbi linalofika. Wimbi hilo ni dogo mno, maikrovolti chache tu, na limezamishwa katika kelele za ubongo wenyewe na za vifaa vya chumbani. Kwa hiyo mashine hupiga hodi mara mia kadhaa na kutafuta wastani, jambo linalochukua dakika moja au zaidi. Faida yake ni kwamba haimtikisi mgonjwa na inaweza kuendelea muda wote. Kasoro yake ni mbili: inachelewa, na haiulizi neva zote. Neva za kifundoni hupitia zaidi mizizi ya chini ya lile fungu. Mzizi wa C5, unaoendesha msuli mkubwa wa bega, unaweza kunyamaza kabisa na SSEP ikaendelea kusema mambo ni shwari. Kituo kinachotegemea SSEP peke yake kwenye upasuaji wa bega kimeacha dirisha kubwa wazi.

Ya pili hupigwa kichwani na kusikilizwa kwenye misuli. Hii ni MEP, na ndiyo inayozaa maneno ya shoti. Elektrodi mbili huwekwa juu ya sehemu ya ubongo inayoamuru misuli, kisha hutumwa mfululizo wa mapigo 4 hadi 8 yaliyotengana kwa milisekunde 2 hadi 4. Nguvu yake hufika mamia ya volti. Namba hiyo hutisha ikisomwa peke yake, lakini kila pigo hudumu sehemu ndogo ya milisekunde, na mtoto amelala usingizi mzito wa dawa. Misuli ya mkono hujibu kwa mkupuo mmoja unaoonekana papo hapo kwenye skrini, bila kusubiri wastani. Sindano nyembamba zilizochomekwa kwenye msuli wa bega, ule wa mbele wa mkono wa juu, ule wa nyuma, wa kigasha na wa kiganja huonyesha kila mzizi unavyofanya kazi. Kasoro yake ni kwamba mwili hutikisika. Daktari hulazimika kuinua vyombo vyake, kusema "piga", kusubiri sekunde chache, kisha kuendelea. Daktari mwenye haraka huona ni usumbufu.

Ya tatu si hodi, ni kutega sikio. EMG husikiliza misuli bila kuichokoza. Neva ikiguswa, ikivutwa ghafla au ikipata joto la kisu cha umeme, hulalamika, na spika ya mashine hutoa mlio wa kukwaruza. Mlio wa mara moja mara nyingi ni mguso tu. Mlio unaoendelea kwa sekunde nyingi huku kombe likivutwa una maana nyingine. Lakini EMG ina mtego: neva iliyokatwa ghafla kwa wembe mkali, au iliyobanwa polepole, inaweza isilalamike hata kidogo. Ukimya wa EMG si habari njema peke yake. EMG hutumika pia kwa kuchokoza. Daktari akiona kamba nyeupe asiyoijua kwenye tishu, huigusa kwa kalamu inayotoa umeme wa miliampia chache au chini ya hapo, na msuli ukicheza anajua asiikate.

Usingizi wa aina yake

Kazi hii yote inaweza kuharibiwa na daktari wa usingizi bila kukosea chochote katika fani yake. Dawa ya kulegeza misuli, inayotolewa kila siku kwenye upasuaji, huzima majibu ya misuli. MEP na EMG haziwezi kuonekana. Hivyo hutolewa mara moja tu ya kuweka mpira wa hewa kooni, ya aina inayoisha haraka, na kabla ya kuanza huhakikishwa kuwa msuli unaochokozwa mara nne hujibu mara nne. Gesi za usingizi nazo hudidimiza majibu, zaidi kwa watoto wadogo. Ndiyo maana mtoto hulazwa kwa dawa za mishipani zinazotiririka mfululizo, mara nyingi propofoli pamoja na dawa ya maumivu ya muda mfupi. Wazazi wengine huona propofoli kama dawa kali zaidi. Si ukali unaotafutwa, ni kwamba inaziacha neva ziweze kuitikia.

Watoto wadogo huleta ugumu wao. Njia za neva kutoka kwenye ubongo hazijakomaa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 6 mara nyingi huhitajika nguvu kubwa zaidi, au mifululizo miwili ya mapigo badala ya mmoja, kabla msuli haujaitika. Kadiri saa zinavyokwenda, majibu hufifia taratibu hata pasipo na tatizo. Mwili ukipoa, hufifia. Shinikizo la damu likishuka, hufifia. Mtaalamu asiyejua haya atapiga kelele bure, na timu itaacha kumsikiliza siku atakapokuwa na hoja.

Kuna jambo dogo linalosahaulika: meno. Pigo la MEP hukaza misuli ya taya, na ulimi au mdomo ukiwa katikati huumia. Hilo ni miongoni mwa madhara yanayojulikana zaidi ya kipimo chenyewe, ingawa hutokea kwa wachache. Tamponi laini za shashi zilizokunjwa huwekwa pande zote mbili kati ya magego, ulimi ukiachwa katikati. Mtoto wa miaka 6 au 7 ana meno yanayotikisika, na hayo huangaliwa kabla. Mtoto mwenye kifafa, tundu kwenye fuvu au kifaa cha umeme mwilini, kwa mfano cha kusaidia usikivu, hahukumiwi moja kwa moja kukosa kipimo, lakini timu lazima ijue mapema.

Sindano zote huchomekwa baada ya mtoto kulala. Ukihesabu mbili kwa kila msuli, za mkono unaopasuliwa, za mkono wa pili na za miguu, zinapita ishirini kirahisi. Akiamka, mzazi anaweza kuona vidoti vyekundu mahali zilipokuwa. Vinaondoka vyenyewe.

Kwa nini miguu ipimwe wakati linalopasuliwa ni bega? Kwa sababu jibu moja peke yake halina maana.

Kusoma kilichonyamaza

Kabla ya ngozi kukatwa hupatikana kipimo cha msingi, tena ikiwezekana mara mbili: mtoto akiwa chali, na baada ya kugeuzwa kifudifudi. Kugeuza tu na kuupanga mkono kunaweza kulivuta fungu la neva, pamoja na lile la mkono ambao haukupangiwa upasuaji. Jibu likipotea hapo, hurekebishwa mkono au shingo, si mfupa.

Kwa SSEP, wengi hupaza sauti wimbi likipungua kwa nusu au likichelewa kwa asilimia 10. Kwa MEP vipimo hutofautiana kati ya kituo na kituo. Baadhi husubiri jibu lishuke kwa asilimia 80, wengine hushtuka mapema zaidi kwenye neva za mkono. Tuseme msuli wa bega ulijibu kwa maikrovolti 800 mwanzoni, na sasa unajibu kwa 120. Umepoteza asilimia 85. Je, neva imeumia?

Inategemea nani mwingine amenyamaza. Misuli yote, mikono na miguu, ikififia pamoja, tafuta kwenye dawa ya usingizi, shinikizo la damu au joto la mwili. Ukinyamaza msuli mmoja na jirani zake wa mzizi ule ule wanaitika vizuri, yawezekana sindano imechomoka. Ukinyamaza mkono unaopasuliwa wote huku mguu wa upande huo na mkono wa pili ni sawa, hapo lile fungu la neva limebanwa au limevutwa. Na ikinyamaza mikono pamoja na miguu bila sababu ya dawa, swali linahamia kwenye uti wa mgongo wenyewe, jambo la kuogopwa kwa mtoto wa Sprengel ambaye pia ana pingili za shingo zilizoungana, hali iitwayo Klippel-Feil. Hali hizi mbili huandamana mara nyingi. Kila mtoto wa Sprengel huhitaji picha za shingo kabla ya siku ya upasuaji. Anayelazwa kifudifudi bila hizo anacheza kamari.

Kengele ikilia kweli, hatua hufuatana haraka na kwa sauti. Mtaalamu hutamka kilichopotea na upande gani, chumba hunyamaza, daktari huacha kuvuta. Elektrodi na waya hukaguliwa. Daktari wa usingizi hutazama kama kuna dawa iliyoongezwa dakika chache zilizopita, na hupandisha shinikizo la damu ili damu ifike kwenye neva. Kipimo hurudiwa. Kama jibu halijarudi, daktari huondoa vishikio vinavyopanua jeraha, kisha huliachia kombe lirudi juu pale lilipokuwa wakati jibu lilikuwa zima. Mara nyingi jibu hurejea ndani ya dakika chache, na hilo lenyewe ndilo utambuzi: mvuto ulikuwa mkubwa. Sasa anachagua. Anaweza kuukata mtulinga kama hakuwa ameukata, anaweza kulegeza tishu zaidi, anaweza kushusha sentimita 2 badala ya 4 na kushona hapo. Kinachoshindikana ni kushona kwanza na kutumaini. Mshono ukishafungwa na mtoto akiwekewa kombeo la kuning'iniza mkono, mvuto unaendelea usiku kucha.

Kipima oksijeni kinachobanwa kidoleni kwenye mkono unaopasuliwa ni msaidizi wa bei ndogo. Mshipa wa damu ukibanwa chini ya mtulinga, wimbi lake hufifia, na daktari huambiwa. Ila mapigo yanayoonekana vizuri hayathibitishi kwamba neva iko salama, kwa sababu neva hudhurika na mvuto usiotosha kuuziba mshipa wa damu.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

Inasemwa kwamba penye mashine hii mtoto hawezi kupooza. Anaweza. Mashine hueleza tu kuhusu neva zilizopigiwa hodi. Neva inayoendesha msuli wa trapezi, ule ulioko kati ya shingo na bega, ile inayobana kombe kwenye mbavu na ile ya misuli inayolivuta kombe kuelekea kwenye uti wa mgongo hupita pale pale daktari anapokata, na mara nyingi hazina sindano. Mtoto anaweza kuamka na mkono wenye nguvu zote huku kombe likichomoza mgongoni kama bawa anaposukuma ukuta. Vilevile msuli mmoja huendeshwa na zaidi ya mzizi mmoja, na mzizi mmoja ukidhoofika, mwingine huficha pengo.

Inasemwa pia kinyume chake, kwamba pasipo mashine hii upasuaji ni uzembe. Hilo nalo limezidi. Ulemavu huu ni nadra, na ushahidi wa ufuatiliaji kwenye upasuaji wake hasa unatokana na makundi madogo ya wagonjwa, tofauti na upasuaji wa kunyoosha uti wa mgongo ambako umekuwa desturi. Madaktari wamekuwa wakishusha makombe ya watoto kwa miongo mingi kwa kukata mtulinga, kushusha kwa kiasi na kupima vidole mara mtoto anapozinduka. Kwa mtoto wa miaka 4 mwenye ulemavu wa wastani, mikono yenye uzoefu bila mashine ni bora kuliko mashine bila mikono. Kwa mtoto wa miaka 9 mwenye ngazi ya nne na shingo iliyoungana, kukosa ufuatiliaji ni jambo la kumfanya mzazi aulize kama kuna kituo kingine.

Maswali yenye faida kwa mzazi ni machache. Ni misuli gani itakayopimwa, na je, ule wa bega umo? Mtaalamu atakuwa chumbani au anaangalia skrini kwa mbali? Mtulinga utakatwa? Kengele ikilia, mpango ni upi? Daktari anayejibu swali la mwisho kwa hatua zinazoeleweka amewahi kulifikiria kabla ya siku hiyo. Anayejibu kwamba haitalia hajalijibu.

Baada ya kuamka

Sindano ya ganzi ya bega, inayotolewa kupunguza maumivu, husubiri mpaka mtoto apimwe vidole. Ikitolewa kabla, mkono uliolala kwa ganzi hauwezi kutofautishwa na mkono uliopooza. Mtoto mkubwa huambiwa anyanyue kidole gumba, atengeneze duara kwa kidole gumba na cha shahada, atawanye vidole, akunje kiwiko. Mdogo hupewa kitu cha kuchezea na kutazamwa anavyokishika. Matokeo huandikwa, pamoja na saa.

Udhaifu ukionekana, mara nyingi huwa wa aina nyepesi ambayo daktari Seddon aliitenga mwaka 1943: neva ni nzima, ila imeacha kupitisha ujumbe. Hurejea kwa siku, wiki, au hadi miezi 3. Nyuzi za ndani zikiwa zimekatika huku ala yake ikiwa nzima, huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo safari ya sentimita 25 kutoka kwapani hadi kiganjani huchukua miezi 8 au zaidi. Kipimo cha umeme cha kutofautisha hali hizi hakifanywi siku ya pili kwa kuwa nyuzi zilizokufa huchukua muda kuonyesha dalili; husubiriwa karibu wiki 3. Mkono unaodhoofika zaidi siku baada ya siku, au uliopoa na kupauka, hausubiri wiki 3, hurudishwa hospitali siku hiyo hiyo. Watoto wengine huanza kukunjwa na kunyooshwa viungo mapema na mtaalamu wa mazoezi, kwa kiasi ambacho mshono unaruhusu, ili kiwiko na vidole visikakamae wakati neva ingali njiani.